Majengo ya zamani Muhimbili yakibomolewa, majina ya Sewahaji na Kibasila yaende nayo?

Mleta mada:
Wakuu tujadili hili kwa utulivu. Kila ikiongelewa habari ya kuijenga upya Muhimbili ya Upanga kuna watu wanasema majengo mapya yapewe herufi na namba basi, yale majina ya kizamani hayana kazi. Mi napinga kabisa.

Juzi nimepeleka uji saa ya kuona wagonjwa, tumejazana pale nje na mahotipoti na vikapu, bibi mmoja akaniuliza, mwanangu, hii Sewahaji ni kabila gani? Nikamwambia bibi, huyo alikuwa mtu. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, mfanyabiashara wa misafara ya kwenda bara. Enzi za Mjerumani alitoa hela zake mwenyewe ijengwe hospitali Dar ya kutibu watu wa rangi zote, wakati ile ya kule baharini, Ocean Road, ilikuwa ya wazungu. Akafariki 1897. Hospitali yake ikatibu Waafrika na Wahindi karibu miaka 60, mpaka ilipojengwa hii ya Upanga ambayo Princess Margaret wa Uingereza alikuja kuifungua 1956 na ikaitwa kwa jina lake. Uhuru ulipokuja la Princess likaondolewa ikawa Muhimbili, ila Sewahaji akapewa jengo. Waliompa hawakukosea!

Mchangiaji:
Mkuu nakuheshimu ila mgonjwa anataka kitanda, dawa na vipimo, hayo majina pelekeni makumbusho. Mbona Ocean Road ilikuja kuwa ya wazazi na leo ni taasisi ya saratani, kwani imepungukiwa nini?

Mleta mada:
Ndugu yangu hapo umenisaidia. Ocean Road imebadilisha kazi lakini jengo la Mjerumani lipo na jina lipo, ndo maana wewe na mimi tunaijua habari yake. Ya Sewa Haji ilishavunjwa zamani, kilichobaki ni hilo jina tu, likifutwa ya wazungu itakumbukwa na ya kwetu itasahaulika. Na Kibasila je? Mzaramo aliyekataa watu wake kulimishwa pamba kwa lazima, Mjerumani akamnyonga wakati wa Maji Maji. Leo tumuite Jengo B?

Dawa nazitaka sana, mgonjwa wangu mwenyewe kalazwa, ila jina halipunguzi dawa hata kidonge kimoja. Mi naomba jengo jipya lirithi jina la zamani, na pale mlangoni pawekwe kibao cha Kiswahili, maandishi makubwa, kinachosema huyu alikuwa nani na alifanya nini, ili yule bibi akikaa kwenye benchi kusubiri geti lifunguliwe mjukuu wake amsomee.