Mrejesho: Mgandamizo wa injini ya chenso (msumeno wa injini) ya zamani, Stihl 070

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama injini ya sentimita za ujazo 106 yenye mgandamizo wa psi (kipimo cha shinikizo) 85 inastahili kufufuliwa, au ninunue silinda nyingine. Nawashukuru nyote mlionijibu, hasa aliyeniuliza nilitumia geji ya aina gani, kwa kuwa swali hilo ndilo lililoniokoa.

Geji yangu ilikuwa ya magari, yenye mpira mrefu na vali yake ikiwa upande wa uso wa geji wenye mshale, hivyo hewa iliyomo ndani ya mpira ilihesabika kama sehemu ya silinda na kipimo kikashuka. Niliazima geji yenye vali kwenye ncha inayofungwa mahali pa plagi, nikafungua kabisa mkono wa mafuta, nikavuta kamba mpaka mshale ukaacha kupanda, nikapata psi 115. Baada ya kudondoshea matone machache ya oili ndani ya silinda, ulipanda hadi 140, dalili kwamba hewa ilipita kwenye ringi zinazozunguka pistoni.

Nilipofungua silinda, ukuta wake ulikuwa laini bila mikwaruzo, lakini ringi moja ilikuwa imeng'ang'ania kwenye mfereji wake kwa masizi magumu kama lami. Niliyakwangua taratibu kwa kipande cha ringi iliyovunjika, nikaweka ringi mpya. Sasa geji inasoma 150, na chenso inawaka kwa mvuto wa tatu.

Kilichobaki ni kabureta, ambayo bado inavuja kidogo.