Ukipewa kadi ya harusi JIBU, mchango wako siyo jibu!

Wakuu salaam,

Uzi huu unawahusu wote mlio na kadi ya harusi ndani ya simu tangu wiki iliyopita na hamjasema lolote. Hamjasema mnakuja, hamjasema hamji. Tiki mbili za bluu zinaonekana, halafu kimya. Kamati ikipiga hampokei, mnadhani mnadaiwa. Mnakera jamani!

Utetezi wenu tunaujua: "Si nilishachanga?" Ulichanga, asante, mhazini kakuandika. Ila daftari la mhazini linaonyesha nani katoa shilingi ngapi, halionyeshi nani atakalia kiti. Kuna mtu yuko Mwanza anachangia laki moja harusi ya Mbagala na wala hana mpango wa kupanda basi. Kuna mwingine kachanga elfu hamsini, kapewa kadi ya singo (mtu mmoja), na keshaamua kimoyomoyo kwamba anakuja na mkewe. Mhazini atawatofautisha vipi? Kwake hao wote "wamelipa".

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua harusi ya kadi 250, singo 150 na dabo (za watu wawili) 100. Hapo kuna vichwa 350. (Wapo makatibu wanaompelekea mpishi 250 kwa sababu wamehesabu kadi, halafu saa nne usiku bufee imekauka na wa meza za nyuma wanaangaliana. Hao nao watafutiwe uzi wao.) Meza za duara za watu kumi kumi, ni meza 35 za kupangwa na kupambwa. Mpishi anataka idadi ya mwisho siku kadhaa kabla, kwa kawaida kati ya siku tatu na saba, maana nyama na kuku vinaagizwa kwa idadi hiyo na wahudumu wanaitwa kwa idadi hiyo. Ukishampa namba, huwezi kuishusha. Sasa tuseme sahani moja ni 25,000 na watu 60 hawakutokea. Hiyo ni 1,500,000 imekwenda, na meza sita tupu kwenye video ya harusi. Wakati huohuo kuna majirani na wafanyakazi wenzake bwana harusi walioambiwa "nafasi zimejaa". Vinywaji angalau vina nafuu: mkikubaliana na muuzaji mapema, kreti za soda zisizoguswa anazichukua. Pilau kamati itamrudishia nani?

Na kamati ikishaumia mara moja, harusi inayofuata inakata idadi kwa kukisia, "robo hawatakuja hawa". Siku hiyo ndiyo mnakuja wote. Kisha kesho yake mnasema harusi ilikuwa na njaa.

Haya, jibu lenyewe. "Inshallah", "tuko pamoja", "hongereni sana", na vile viganja viwili vilivyokutanishwa: katibu aviweke safu ipi? Anahitaji jina lililo kwenye kadi, namba ya kadi na idadi ya watu. Basi.

"Fulani, kadi 114, dabo, tunakuja wawili."

"Fulani, kadi 114, dabo, nakuja peke yangu." Hili ndilo jibu ambalo karibu hakuna anayelitoa, na ndilo linalookoa sahani nyingi kuliko mnavyodhani.

"Fulani, kadi 114. Hongereni sana. Sitaweza kufika, nafasi yangu mpeni mwingine." Usijieleze kurasa mbili. Hakuna anayehitaji cheti cha daktari. Kama unakuja kanisani tu na ukumbini huji, andika hivyohivyo.

Tuma kwenye namba iliyoandikwa "Majibu kwa". Usitume kwenye grupu la watu 200 ambako ujumbe wako unafukiwa na orodha za ahadi, na usimsumbue bibi harusi, ana mambo ya saluni na mshonaji. Jibu siku hiyohiyo au kesho yake, maana kadi zetu huku mara nyingi zinatoka wiki moja au mbili kabla. Hakuna muda wa "nitawajulisha".

Wenye ahadi ambazo hazijalipwa, najua kwa nini mnajificha. Basi andikeni sentensi mbili: ahadi sijaikamilisha, na ukumbini sitafika. Deni litajadiliwa na mhazini kwa wakati wake. Kiti kinajadiliwa leo.

Kadi za kisasa nazo zimewekewa kitufe cha "Nitahudhuria" na "Sitahudhuria". Kidole kimoja tu kinawashinda! Halafu mnapiga picha ya msimbo wa QR mnamrushia rafiki. Singo inasoma mara moja. Atakayetangulia ataingia, wa pili atabaki anagombana na mabaunsa mlangoni akiwa na suti yake. Na dabo ni watu wawili. Ukija na mtoto wa miaka sita, huyo anakalia kiti na anakula sahani, kwa hiyo ama yeye ama mwenzako. Watu wawili na watoto watatu ni kadi gani hiyo?

Najua tabia hii imetoka wapi. Walima wa nyumbani, pilau la masufuria makubwa, watu wanne au watano kwenye sinia: akiongezeka mmoja mnasogea, akipungua mmoja hakuna anayejua. Pale habari inapita kwa mdomo na inatosha. Ukumbini chakula kinalipiwa kwa kichwa, hakuna kusogea.

Kamati nanyi msicheke. Mnatoa kadi siku tatu kabla kwa sababu mlikuwa mnasubiri michango. Mnaweka namba mbili za simu, kila mwenye namba ana daftari lake, mgeni mmoja anahesabiwa mara mbili na mwingine hayupo popote. Tarehe ya mwisho ya kujibu hamuandiki. Na ujumbe wa kuuliza "unakuja?" mnaubandika chini ya ujumbe wa kudai mchango, mnategemea mtu asome hadi mwisho? Wekeni mtu mmoja, orodha moja, tarehe moja, na ujumbe wake peke yake.

NYONGEZA: mnaouliza kuhusu dharura ya siku yenyewe. Tuma ujumbe hata kama ni saa kumi jioni. Sahani imeshalipiwa, hiyo haiokoki, lakini kiti kinaweza kupewa ndugu aliyekosa kadi, na meza mbili zenye mapengo zinaunganishwa kabla maharusi hawajaingia. Ukimtuma mtu badala yako, taja jina lake kwa katibu ili mlangoni wamkute kwenye orodha.