Haller Park hata jongoo anatajwa, waliopanda asmini je?

Bint Kibokoni
Jumapili niliwapeleka wageni Haller Park, ile hifadhi ya Bamburi hapa Mombasa. Kijana anayetembeza watu akarudia kisa kile kile: Mswisi René Haller alianza kupanda mivinje ndani ya machimbo ya saruji mwaka 1971, majani yakawa yaanguka na hayaozi, akaleta majongoo wayatafune mpaka udongo ukapatikana. Sina ubishi, kazi ilifanyika. Lakini pale hata jongoo anatajwa! Wanawake waliotia asmini, mrehani na mihina kwenye nyua za Mji wa Kale hatajwi hata mmoja. Kwangu mimi bustani ya Mombasa ilianza kwao, na kaunti ingeita bustani moja ya umma kwa jina lao. Mwasemaje?

Baharia Mstaafu
Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa na asmini tatu uani. Leo umemtia mizani moja na jongoo. Haya.

Bint Kibokoni
Mzee wangu, soma tena. Nimesema jongoo amepewa heshima ambayo mamako hakupewa.

Baharia Mstaafu
Ndiyo mizani hiyo hiyo.

Kitalu Nyali
Nauza miche kando ya barabara, mwaka wa kumi na moja huu. Mrehani ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo si bustani, dada. Bustani hupimwa, huchimbwa, hubebewa samadi. Na majumba yote ya Nyali ninayopelekea miche, wenye majembe ni wanaume. Tuheshimiane kwa jasho.

Mama wa Majengo
KOPO LA KIMBO! Asmini ya nyanyangu ilianza kwenye kopo la Kimbo ikatambaa mpaka roshani ya jirani. Kabla ya magharibi twachuma vitumba, maana asmini hufumbuka usiku, ukichelewa huna biashara. Yeye atunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, sisi watoto twauza mlangoni. Karo yangu ilitoka mule koponi. Samadi yako imesomesha nani?

Kitalu Nyali
Watoto watatu, alhamdulillahi. Ya nyumbani kwangu yaache.

Mzee wa Baraza
Mwagombea asmini, na ua lililopanda kila ukuta wa mji huu ni bogenvilia, mgeni kutoka Amerika Kusini. Jina ni la nahodha Mfaransa, Bougainville, aliyezunguka dunia miaka ya 1760. Lakini kwenye msafara wake alikuwamo mwanamke aliyevaa kiume, msaidizi wa mtaalamu wa mimea, na yasemekana ndiye aliyelichuma kule Rio. Jina lake limenitoka.

Bint Kibokoni
Jeanne Baret! Mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Mwaona? Mkono wa mwanamke, jina la nahodha.

Kitalu Nyali
Na huyo naye amefika lini Kibokoni?

Mama wa Majengo
Siku moja na Mswisi.

Mtu wa Bara
Samahani nikiingilia, mbona hamumtaji Wangari Maathai? Green Belt Movement 1977, akazuia lile ghorofa lililotaka kujengwa Uhuru Park, Nairobi, Nobel 2002.

Mama wa Majengo
2004. 2002 ni uchaguzi uliomwingiza bungeni. Na yule alipanda miti, hapa tuko kwenye maua.

Mtu wa Bara
Mti hauna ua? Halafu pale kwenye feri mna bustani ya Mama Ngina, si jina la mwanamke hilo?

Bint Kibokoni
Ni jina la mke wa rais wa kwanza, ndugu yangu. Mimi nataka la mwenye kopo.

Mzee wa Baraza
Hata likipatikana, nina neno. Ua wa nyumba ni mahali pa stara. Bustani ya mwanamke wa mji huu haikupandwa ionekane barabarani, ilipandwa inukie ndani. Kubandika jina kwenye uwanja wa umma hakuirudishi. Nyumba zavunjwa, zapanda ghorofa, nyua zafungwa saruji. Hiyo asmini itakaa wapi?

Shela Asili
Mimi nimekwama kwenye hivyo vikuba. Vitumba vya asmini peke yake ni kikuba? Kikuba kina mkadi, kina mrehani, na kilua kikipatikana. Watu wa Mombasa mwauza shada mwaliita kikuba.

Mama wa Majengo
Lamu mmeanza! Nani kasema asmini peke yake? Waridi twatia, mrehani twatia.

Shela Asili
Kilua je?

Mama wa Majengo
Kilua chatoka wapi siku hizi?

Shela Asili
Basi si kikuba.

Baharia Mstaafu
Mamangu alitia kilua.

Mama wa Majengo
Kumbe wasoma, Mzee!

Kitalu Nyali
Kilua ninacho. Miche minne, mia tatu mmoja, hakuna kupunguza.

Shela Asili
Cha kweli? Umekitoa wapi? Mimi nimezunguka vitalu mpaka Mtwapa.

Kitalu Nyali
Kwenye vitalu hukipati. Mbiomba wangu wa Kisauni, dada wa mamangu, ndiye mwenye mama wa mti, huniotesheza.

Bint Kibokoni
Kwenye nini?

Kitalu Nyali
Kwenye nini nini?

Bint Kibokoni
Huotesha kwenye nini, kaka?

Kitalu Nyali
Anayetaka miche anipigie kabla ya Ijumaa. Miwili imeshashikwa.

Shela Asili
Nishikie mmoja. Na nauliza tena, mkadi nao una?

Baharia Mstaafu
Na lile neno la jongoo bado sijaombwa radhi.