MJADALA: Chuo chenye wanafunzi wengi ndo bora kwa uchumi wa kimataifa? Mimi nakataa

Mwanzisha mada, Gungu

Wakuu habari za jioni. Kuna jedwali linazunguka kwenye magrupu ya wazazi na walimu hapa Kigoma tangu matokeo ya fomu siksi yatoke. Limepanga vyuo vikubwa duniani vya uchumi wa kimataifa kwa idadi ya wanafunzi, Berkeley ya Marekani juu kabisa na elfu 45 na ushee, LSE ya London elfu 12 na kitu, MIT elfu 11 na kitu, Princeton kama elfu 9, halafu ile Graduate Institute ya Geneva mkiani na wanafunzi kama 1,000 tu. Chini yake mtu kaandika kwamba UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) imejengwa iweze kuchukua elfu 40 kwa hiyo na sisi tumo, serikali iongeze tu udahili wa uchumi tutawafikia. Mimi nafundisha uchumi A-level, vijana wa HGE na EGM (michepuo yenye somo la uchumi) wananijia na hilo jedwali mkononi kila siku, na nasema bila kuzunguka kwamba linapotosha watoto, na hiyo hoja ya kuongeza udahili naipinga.

Kwanza hizo namba hazilinganishiki. Ndani ya elfu 45 za Berkeley kuna wahandisi, watu wa kemia, watu wa muziki, wote humohumo. LSE haina uhandisi wala udaktari wa tiba, tangu 1895 ni sayansi za jamii, kwa hiyo elfu 12 yake karibu wote wanazunguka kwenye uchumi, fedha, siasa, sheria na majirani zake, na zaidi ya nusu wametoka nje ya Uingereza. Geneva ndo kabisa, pale ni mambo ya kimataifa tu, ngazi ya masters na PhD, wapo tangu 1927 na hao watu 1,000 wametoka nchi kama 100. Sasa huyo unamwekaje mkiani jamani?

Pili, ukitaka kujua wanaotunga hizo nadharia tunazofundisha wanapikwa wapi, usiangalie chuo kizima, angalia PhD. MIT wanachukua watu 20 na kidogo tu kwa mwaka kwenye PhD ya uchumi. Humo katoka Paul Krugman 1977, aliyepata Nobel 2008 kwa kazi yake ya biashara ya kimataifa, katoka Obstfeld 1979 na Rogoff 1980, na hao wawili kila mmoja kwa wakati wake kaja kuwa mchumi mkuu wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Wanachukua wachache sio kwa kukosa viti, ila kila mmoja lazima awe na mtu wa kumsimamia kazi yake.

Najua mtu atasema mbona hata Harvard wanajazana. Kweli kabisa, somo lao la utangulizi wa uchumi lina mamia ya watu ukumbini. Lakini baada ya huo mhadhara wanagawanywa kwenye vikundi vidogo kila wiki, LSE hivyohivyo, watu kama 15 na mwalimu wao, na humo ndimo mtu anaulizwa, anababaika, anasahihishwa. Chuo nilichosoma mimi (sikitaji) ukumbi ulikuwa unajaa tunasikiliza madirishani, maiki ikikata wa nje ndo mmekosa kipindi, semina zipo kwenye ratiba tu, mtihani ukikaribia unaenda steshenari kununua madesa unakariri. Mtu anapata A ya biashara ya kimataifa hajawahi kushika urari wa malipo (hesabu ya pesa zinazoingia na kutoka nchini) wa nchi hata moja akausoma mstari kwa mstari. Ongeza udahili hapo utapata nini zaidi ya madirisha kujaa?

Kama tunataka kuiga kitu tuige tulichonacho hapahapa Afrika. AERC ya Nairobi, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, ipo tangu 1988, na 1993 walianzisha masters ya pamoja, kila chuo kinafundisha masomo ya msingi kwake halafu wanafunzi wanakutana Nairobi kwa masomo ya kuchagua, uchumi wa kimataifa ukiwemo, maana waliona hakuna chuo kimoja chenye walimu wa kutosha kila eneo. UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imo. Hiyo ndo ya kumwagia hela. Karibuni.

Mama wa Ujiji

Mwanangu nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu, ila hapa umeongea kama mtu aliyeshapata. Chuo chetu kikuu 1961 kilianza na wanafunzi kumi na kitu tu kwenye jengo la TANU pale Lumumba. Hao nao walikuwa wachache wamechaguliwa vizuri, wangetosha kuendesha nchi? Viti vikibanwa anayekosa sio mtoto wa Dar aliyesoma shule ya mamilioni, ni wa Buhigwe na Kasulu ambaye shule yake walimu wa hesabu hawatoshi. Wangu wa kwanza kasoma hukohuko madirishani kwa boom ya Bodi ya Mikopo na leo anafanya kazi. Usiwafungie wenzake.

Kibirizi

Mimi sina digrii, napakia mizigo ya Kalemie hapa Kibirizi, simenti, unga, chumvi ya Uvinza, na boti zikirudi zinaleta vitenge na mawese. Mteja wa Kongo anakupa bei kwa dola, anataka kulipa nusu faranga zake, wewe simenti umenunua kwa shilingi, na hapo mafuta ya boti yamepanda tangu asubuhi. Kongo wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, wafanyabiashara wangu wengi bado hawajui cheti cha uasili wa bidhaa, kile kinachoonyesha mzigo umetengenezwa nchi gani, kinawasaidia nini. Walishaletwa vijana wawili wa chuo hapa kwa mazoezi, Ricardo wa 1817, yule mchumi wa nadharia ya biashara kati ya nchi, wanamtaja vizuri, ila mpe hesabu ya huyo mteja anaduwaa. Wengi au wachache mimi sijali, waje wanaojua.

Tabora mjini

Naongezea dogo. Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha St Mary's hapa Tabora, 1949 akaenda Edinburgh, 1952 akamaliza MA, uchumi na historia vikiwemo. Nina uhakika hakuna mzee hapa aliyeuliza Edinburgh ina wanafunzi wangapi.

Mwanzisha mada, Gungu

Mama shikamoo. Hilo la Buhigwe umenishika pabaya, maana wanafunzi wangu ndo haohao. Lakini sijasema wapunguze. Nimesema wasiongeze hata kiti kimoja cha kozi hii kabla semina hazijawa semina kweli. Mtoto wa Dar akikosa semina ana mjomba benki wa kumwelekeza, huyu wetu darasa ndo kila kitu alichonacho, kwa hiyo ukumbi uliojaa unamuumiza yeye kuliko mwingine yeyote. Na kama ni kulinda nafasi za mikoa ya pembezoni mimi niandike wa kwanza.

Mama wa Ujiji

Marahaba. Sasa hao walimu wa vikundi vya watu 15 nani atawalipa? Wakisema ada ipande tutarudi palepale.

Mwanzisha mada, Gungu

Mama, wapo vijana wangapi wenye masters ya uchumi wanauza laini za simu? Chukua hao, walipwe kwa vipindi, gharama yake haifiki ya kujenga ukumbi mwingine. Pesa za majengo mbona zinapatikana kila bajeti, tuanze kubishania hizo.

Kibirizi

Mwalimu, kabla hawajajaza machaguo ya vyuo waletee hao fomu siksi wako hapa Jumamosi asubuhi, boti ya Kalemie inapakia kuanzia saa mbili. Waje na daftari. Nitawapa hesabu ya mteja mmoja wa kweli waifanye, na huyo mtoto wa mama wa Ujiji akiwa likizo naye aje.

Mama wa Ujiji

Yupo. Nitamleta mwenyewe.