Tuta la kale shambani kwetu: je, lina hazina?

SWALI
Ndugu wana jukwaa, katika shamba tulilorithi kwa babu karibu na Mafinga, lipo tuta la udongo na mawe ambalo tangu utotoni tulikatazwa kulilima, kwa kuwa wazee husema amelala hapo mkubwa mmoja wa zamani. Vijana nao husema imefichwa humo mali ya Mjerumani wa enzi za ukoloni, na juma lililopita walikuja usiku na sururu wakachimba shimo la kufika kiunoni. Humo nimekuta vigae vya chungu na bonge jeusi, zito kuliko jiwe la ukubwa wake, lenye vitundu kama mkate. Je, matuta ya namna hii huwa na hazina kweli?

JIBU LA KWANZA
Pole sana, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, bonge hilo linafanana sana na mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki madini yanapoyeyushwa, kwa hiyo huenda tuta lenu ni mabaki ya tanuri wala si kaburi. Wahunzi wa Ufipa walijenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, na tanuri likianguka hubaki kichuguu tu. Tafadhali usiruhusu mtu kuchimba tena, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuvichimbua bila kibali ni kosa.

JIBU LA PILI
Naongeza kuhusu hazina. Yapo matuta yaliyotoa dhahabu: Sutton Hoo, Uingereza, mwaka 1939 lilifukuliwa kaburi lenye jahazi la mita 27 na vito vya thamani. Lakini nchini humo humo kuna Silbury, kilima cha kujengwa kwa mikono chenye zaidi ya mita 30, ambacho wenyeji walisimulia kuwa ndani yake amezikwa mfalme Sil juu ya farasi wake. Kilichimbwa mwaka 1776, kikachimbwa tena 1849 na 1968, na kaburi halikuonekana. Badala yake shimo lile la 1776 lilititia mwaka 2000, likaacha shimo kubwa kileleni. Nasikitika kila nionapo jambo hilo likirudiwa kwetu kwa ajili ya rupia, zile fedha za Mjerumani.

MWULIZA SWALI
Ahsanteni sana. Vigae nimeviacha palepale nilipovikuta, shimo nimelifunika kwa mabati mvua isiingie, na kesho asubuhi nakwenda kwa afisa utamaduni wa wilaya.