Abiria wa boda akigongwa na matatu, analipwa na nani?

Kiatu_Kimoja: Wadau, mdogo wangu alibebwa na boda Kitale matatu ikawagonga, mguu umevunjika mahali pawili na hakuwa na helmeti. Konda anasema kosa ni la boda so hatuna kesi, ni kweli?

Mama Shiru: Konda si hakimu, achana naye. Abiria haendeshi kitu, korti itagawa lawama kwa hao madereva wawili, pengine 70 kwa 30. Helmeti wakili wao ataitaja tu lakini ulioumia ni mguu, haisaidii sana. Chukua abstrakti ya polisi (karatasi yao inayoonyesha ajali iliripotiwa) na P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ijazwe.

Jirani_wa_Pili: Na risiti ndugu!! Dawa, x-ray, hata teksi ya kwenda kliniki, bila karatasi hulipwi hata bob. Ya maumivu ndio hakimu hukadiria akiangalia kesi za zamani za mguu uliovunjika hivyo hivyo.

Kiatu_Kimoja: Asanteni. Ajali ilikuwa mwaka jana, tumechelewa?

Mama Shiru: Bado, Kenya ni miaka 3. Ila bima wapewe notisi mapema, na wao mwisho wao kisheria ni milioni 3, ikizidi unamfuata mwenye gari.