Naomba ushauri: Niendelee kuwapandisha watoto farasi kwenye uwanja wa wazi hapa Entebbe, au niache?

Kijana wa Bombo

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote. Nina umri wa miaka 31, ni mzaliwa wa Bombo, na kwa miaka minne sasa ninaishi Entebbe, ambako riziki yangu inatokana na farasi wawili: jike aitwaye Marjani, na dume aliyehasiwa aitwaye Tufani. Siku za kazi hukaa kwenye banda nyuma ya nyumba ya mjomba wangu. Mwisho wa juma na siku za sikukuu huwapeleka kwenye uwanja wa wazi ulio karibu na ziwa, ambapo watoto hupanda kwa shilingi 5,000 mzunguko mmoja, na wakati mwingine watu wazima nao huomba kupanda ili wapigwe picha.

Siku ya Idi iliyopita, mtoto wa kiume wa miaka kama tisa alikuwa juu ya Tufani, nami nilikuwa nimeshika kamba ya kuongozea, nimeizungusha mkononi mara mbili kama nilivyozoea. Vijana walikuwa wakirusha tiara ya mfuko mweusi wa plastiki, ikakatika na kuanguka nyuma kabisa ya Tufani, mahali asipoweza kuona, akasikia mchakacho tu. Aliruka kando na kuvuta, kamba ikanikaza kiganja mpaka ngozi ikatoka, na mtoto akateleza upande wa kushoto huku mguu wake ukiwa umepenya kwenye kikuku, ile pete ya tandiko ya kukanyagia, hadi kifundoni. Kilichomwokoa ni kwamba alivaa sapatu. Mguu ulichomoka, sapatu ikabaki inaning'inia. Alichubuka kidevu na kiwiko, na tunamshukuru Mungu kwamba hayakuzidi hapo. Mama yake hakunigombeza hata kidogo; alimpangusa mwanawe vumbi, akaichomoa ile sapatu kwenye kikuku, akaniangalia, wakaondoka. Laiti angenigombeza ningepata la kujibu.

Tangu siku hiyo sijarudi uwanjani. Zipo pia lawama za siku nyingi: wazee wanaotembea jioni wanasema farasi wanawaogopesha, wacheza mpira wanasema kwato zinaharibu nyasi, na mlinzi wa uwanja ameniambia nisirudi bila kibali cha maandishi. Ninaomba mnieleze kwa ukweli: je, uwanja wa watu wote ni mahali pa farasi? Kama ni mahali pake, nifanye nini ili mtoto mwingine asianguke?

Mama wa Kitooro

Mwanangu, pole kwa yaliyokupata, na pole zaidi kwa mtoto yule. Nitakujibu kwa ukweli kama ulivyoomba, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao wazee wanaolalamika. Nina ugonjwa wa magoti, na daktari aliniagiza nitembee kila jioni, kwa hiyo uwanja ule ndio dawa yangu. Farasi anapopita hatua mbili kutoka nilipo, mimi siwezi kukimbia. Halafu kuna kinyesi. Najua hakinuki kama cha nguruwe, lakini wajukuu wangu wanacheza pale pale wakiwa peku, na sijawahi kukuona na koleo wala gunia.

Hata hivyo, sisemi uondoke. Mjukuu wangu mdogo alipanda Marjani mwaka jana, na hadi leo akichora picha anachora farasi. Ninachosema ni kwamba umekuwa ukipita katikati yetu, wakati ule ukingo wa upande wa miti hautumiwi na mtu. Njoo tuzungumze na kamati ya uwanja, uje na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, na uombe ukingo ule kwa saa maalumu. Kibali kinachopatikana baada ya majirani kukubali hudumu kuliko kile unachokwenda kukiomba ofisini peke yako.

Saisi wa Busia

Kijana wangu, nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka 26, mingi kati ya hiyo nikiwa Nairobi kwenye mabanda ya upande wa Ngong, kabla sijarudi nyumbani Busia. Tiara haina kosa. Ingeweza kuwa honi ya boda boda, mwavuli unaofunguliwa, au mbwa, kwa kuwa farasi ni mnyama wa kuliwa na simba tangu kuumbwa kwake na miguu yake hukimbia kabla ya kichwa kufikiri. Anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na pale mbele ya pua yake. Kazi yetu ni kupanga mambo yote tukijua kwamba siku moja atashtuka.

Anza na kamba. Usiizungushe mkononi tena maishani mwako. Ikunje mikunjo mirefu, kisha ushike mikunjo hiyo katikati, ili akivuta itoke mkononi mkunjo mmoja mmoja. Nimewahi kuona mwenzangu akipoteza vidole viwili kwa mchezo huo huo wa kuzungusha kamba, na alikuwa mtu mwenye uzoefu kuliko mimi.

La pili ni vikuku. Ninaamini unatumia tandiko la mtu mzima kwa watoto, na ndiyo maana mguu ulipenya. Mtoto akiburutwa na farasi anayekimbia, mara nyingi hatupati nafasi ya pili. Tafuta vikuku vidogo, na mtoto avae kiatu kilichofunika mguu na chenye kisigino kidogo, au asiweke mguu kwenye kikuku kabisa, ashike mkanda wa shingoni mwa farasi huku mtu wa pili akitembea kando yake na mkono ukiwa kwenye paja la mtoto. Nimesema mtu wa pili kwa makusudi. Mmoja hushika kichwa cha farasi na mwingine humshika mtoto, na kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni haina mjadala. Mwendo uwe wa kutembea tu. Mwendo wa matiti na wa shoti, yaani wa haraka na wa mbio, ni wa wanaofundishwa, si wa mtoto aliyelipiwa mzunguko mmoja.

Kuhusu kushtuka, mzoeshe Tufani nyumbani. Funga mfuko wa plastiki kwenye fimbo ndefu, simama mbali naye, uutikise polepole. Akitulia, hata kwa pumzi moja, uondoe mfuko mara moja. Hiyo ndiyo zawadi yake. Akihangaika, umesogea karibu mno, kwa hiyo rudi nyuma. Fanya hivyo kila siku kwa dakika kumi, upande wa kushoto na wa kulia, kwa sababu farasi aliyekizoea kitu upande mmoja anaweza kukishangaa upande wa pili kana kwamba hajawahi kukiona.

Swali langu moja: umewahi kuwapima uzito? Umesema watu wazima nao wanapanda. Mzigo wote, yaani mtu pamoja na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na chini ya hapo ni bora zaidi. Kama huna mizani, pima kwa futi ya fundi cherehani mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, kisha gawa kwa 11,900. Utapata kilo, si kamili, lakini zinazokaribia.

Mwekezaji Mukono

Ndugu, mimi ningeuza farasi wote wawili na kununua pikipiki. Haishtuki na haili siku za mvua.

Kijana wa Bombo

Ndugu yangu wa Mukono, nashukuru, lakini Marjani nimemlea tangu akiwa mtoto wa mwaka mmoja, na sitamuuza.

Mzee wetu wa Busia, shikamoo. Nimepima leo asubuhi, na matokeo yamenisikitisha. Tufani ana mzingo wa sentimita 150 na urefu wa 145, maana yake ni kilo 274 hivi. Asilimia 20 ni kama kilo 54, na tandiko langu lina kilo 8, kwa hiyo anayepanda asizidi kilo 46. Marjani amefika kilo 322, na kwake mpandaji asizidi kilo 56. Mimi nimempandisha Tufani wanaume wa kilo 80 kwa ajili ya picha, na mgongoni nyuma ya bega ana alama mbili za manyoya meupe ambazo nilidhani ni rangi yake.

Daktari wa Mifugo, Wakiso

Alama hizo si rangi. Manyoya meupe mahali tandiko linapobana ni makovu ya shinikizo, kwa hiyo kabla ya jambo lolote badilisha tandiko au mto wake, na umpumzishe Tufani mpaka mgongo usimuume ukibonyezwa kwa vidole. Sheria yetu ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama inakataza kumtumikisha mnyama asiyefaa kwa kazi, hata kama mwenyewe hukukusudia.

Nina mengine ambayo hakuna aliyeuliza, lakini nimeona farasi wakifa kwa kukosa kuambiwa. Watu wengi wanaofuga farasi hapa wamezungukwa na wafugaji wa ng'ombe na kuku, nao huazima dawa na chakula kwa jirani. Dawa ya kupe yenye amitrazi, inayotumika sana kwa ng'ombe, isimguse farasi, kwa kuwa inaweza kusimamisha utumbo wake. Chakula cha kuku au cha ng'ombe kilichotiwa dawa ya monensini kinaharibu moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo alichokimeza kibaya kimeshaingia. Ukimwona anajitazama ubavuni, anajilaza na kuinuka, au anakwaruza ardhi kwa kwato, huo ni msokoto wa tumbo, na unapaswa kumwita daktari saa hiyo hiyo bila kusubiri asubuhi.

Kwa kuwa uko kando ya ziwa, usiwachunge kwenye vichaka vya ufukweni. Huko ndiko wanakoishi ndorobo, wale nzi wanaonyonya damu, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, humdhoofisha farasi haraka: homa, ufizi kuwa mweupe, miguu na tumbo kuvimba. Usinunue dukani sindano ya ng'ombe ukamchoma kwa kukisia, kwani diminazini, dawa ya nagana ambayo ng'ombe anaivumilia vizuri inaweza kumdhuru farasi. Usiku walale bandani, kwa sababu usubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri. Zungumza na daktari wako kuhusu chanjo ya ugonjwa huo na ya pepopunda. Kwato zikatwe kila baada ya wiki sita hadi nane. Maji ya kutosha siku ya joto ni lita 25 hadi 50 kwa kila farasi, nayo yawepo pale uwanjani pamoja na kivuli.

Aliyerudi Nyumbani

Niliishi London miaka tisa nikifanya kazi ya kutunza wazee, na kila Jumapili nilikuwa nikimsukuma mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu ndani ya Hyde Park. Ipo njia pale iitwayo Rotten Row, iliyotengenezwa mwishoni mwa karne ya 17 wakati wa Mfalme William III, na hadi leo farasi wanapita juu yake. Ina mchanga laini, na waendao kwa miguu wana njia yao ya pembeni. Mzee wangu alipenda tusimame hapo, kwa sababu alijua farasi atapita wapi, hivyo hakuwa na hofu. Upande wa kusini mwa jiji kuna uwanda wa Wimbledon Common, uliowekwa mikononi mwa wadhamini kwa sheria ya mwaka 1871 ili ubaki wazi kwa umma. Huko wapanda farasi hufuata njia zao zilizowekwa alama, na baadhi ya walinzi wenyewe wanazunguka juu ya farasi. Barabarani nako, tangu mwaka 2022 madereva wa Uingereza wameelekezwa wampite farasi kwa mwendo usiozidi takriban kilomita 16 kwa saa, wakiacha nafasi ya angalau mita mbili.

Mama wa Kitooro amesema jambo lile lile bila kwenda London: ukingo wa miti, na saa maalumu. Ongeza vigingi na kamba ya rangi ili hata mgeni aone mpaka.

Kijana wa Bombo

Nimewasoma nyote, mara mbili. Tufani hatapanda mtu mpaka mgongo upone, na daktari atakuja Alhamisi kumwangalia. Watu wazima nimeacha kuwapandisha kabisa. Mdogo wangu atakuwa mtu wa pili kando ya mtoto. Koleo na magunia nimenunua, na samadi mjomba anaitaka kwa migomba yake. Mama wa Kitooro, nimezungumza na mwenyekiti, naye amekubali tukutane uwanjani Jumamosi saa kumi jioni tupime ule ukingo. Naomba uwepo, na kama kuna anayemfahamu mama wa yule mtoto, naomba anifikishie salamu, kwani ningependa kwenda kuwaona nyumbani kwao.

Limebaki swali moja kwa mzee wangu wa Busia. Fundi vyuma wa hapa anaweza kunitengenezea vikuku vidogo. Nimwambie upana gani?

Mama wa Kitooro

Nitakuwepo. Yule mama tunasali naye, nitampigia leo usiku.

Saisi wa Busia

Marahaba. Usimpe kipimo kimoja, kwa sababu miguu ya watoto inatofautiana. Mwambie atengeneze jozi mbili, ya wadogo na ya wakubwa. Mtoto akiweka kiatu ndani, pale kiatu kilipo kipana zaidi, ibaki nafasi ya kidole chako kimoja kila upande. Ikipungua hapo mguu utakwama, ikizidi utapenya. Mwambie pia achonge kingo za ndani zote ziwe za mviringo, na kabla hujamlipa, pitisha kitambaa cha hariri humo ndani. Kikinasa nyuzi hata mahali pamoja, mrudishie.